Maua ya Maharagwe kwenye Maji ya Mbuzi

Kila Jumatatu asubuhi huyapa maharagwe maji ya chumvi. Ndiyo kazi yangu, au tuseme ndiyo sehemu ya kazi yangu iliyosalia baada ya mikutano na mitihani kuchukua sehemu nyingine. Nina mistari minne ya vyungu katika kibanda cha vioo nyuma ya darasa. Mstari wa kwanza hunywa maji matamu, na mitatu inayofuata hunywa chumvi kwa vipimo vinavyozidiana. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi mno, hata mkono unajua kipimo kabla jicho halijasoma chombo. Sitazamii tena kushangazwa. Najua mstari wa nne utanyauka juu ya udongo uliolowa, maana chumvi huyashika maji na mizizi ikashindwa kuyavuta; mmea hufa kiu miguu ikiwa majini.

Wanafunzi huniuliza kwa nini nimeng'ang'ania maharagwe, ilhali pamba na mtama vina mengi zaidi ya kufundisha kuhusu uvumilivu. Huwajibu kwamba maharagwe hayajui kuficha. Jibu hilo ni sahihi kisayansi na limenitosha mbele za watu. Sababu nyingine ni ya miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini, sina shahada wala stashahada, nina kofia ya serikali tu, na watu wazima wakiniita mwalimu.

Nilizaliwa Kibirichia, kwenye baridi ya viazi. Huko kwetu mama hakuwahi kumwaga majivu ya jikoni. Aliyazoa kila asubuhi kutoka kati ya mafiga, akayaweka kwenye chungu kilichopasuka, na msimu wa kupanda ulipofika alitia konzi moja katika kila shimo la maharagwe. Udongo wetu una asidi, na majivu huipunguza makali. Mama hakuwa na neno la asidi. Alijua tu kwamba jirani asiyetia majivu huvuna kidogo. Nilipomaliza sekondari na kukaa nikisubiri jibu la chuo kikuu, nikaajiriwa kuwa msaidizi wa kilimo, elimu yangu ya majivu ilikuwa imara kuliko yote niliyofundishwa darasani.

Nilipelekwa Embu, si kule juu kwenye mashamba ya kahawa, bali chini, njia ya kuteremkia Ishiara, ambako ardhi hukauka, miti huwa na miiba na jua halina adabu. Serikali ilikuwa imejenga huko kijiji cha watu walioondolewa ukingoni mwa msitu, juu mlimani, wasije wakawalisha wapiganaji. Kijiji kilizungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na kulikuwa na mnara wa homugadi, askari wenyeji wa serikali, na lango moja. Lango lilifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Bila pasi, hakuna aliyevuka zaidi ya shamba.

Shamba lilikuwa ng'ambo tu ya handaki, mahali ambapo mlinzi wa mnara angeweza kuona kila mgongo ulioinama. Watu wengi wakiwa wamefungiwa mahali pamoja, walihitaji chakula, na mvua ilikuwa imewasahau. Lakini chini ya mwamba palikuwa na chemchemi isiyokauka. Niliiona siku yangu ya kwanza nikajiona mtu mwenye bahati. Maji yake yalikuwa maangavu kabisa. Ya kunywa tulichota mtoni, mbali, kwa zamu iliyolindwa na bunduki. Haya ya chemchemi yalikuwa na ladha kidogo, kama magadi, lakini kina mama waliyasifu.

"Mwalimu, maji haya ni ya baraka," mmoja aliniambia. "Githeri inaiva kabla kuni hazijashika vizuri."

Nilicheka, nikaandika kwenye daftari langu kwamba wakazi wameridhika na maji. Mtu yeyote aliyewahi kutia magadi katika githeri, mahindi makavu na maharagwe, ili iive upesi angepaswa kusimama hapo na kujiuliza. Sikusimama. Niliamuru tupande maharagwe, kwa kuwa ndiyo waliyoyataka, tuyanyeshee kwa madebe kutoka chemchemini, na kila nyumba ilete kiondo kimoja cha majivu kwa kila tuta. Hawakuhitaji kuelezwa. Walikuwa watu wa juu kama mimi, kutoka udongo mwekundu wa mvua, na mama zao walifanya hivyo hivyo. Walileta majivu kwa furaha, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu wahamishwe kutakiwa kufanya jambo wanalolijua.

Zamu ya maji ilisimamiwa na mama mmoja wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza. Mumewe alikuwa kizuizini, sikujua wapi, naye hakujua. Alikuwa na binti mmoja tu aliye hai, aliyeolewa kabla ya vurugu, na ambaye sasa alikuwa katika kijiji kingine cha namna ile ile, juu, karibu na mji wa Embu. Binti huyo alikuwa mjamzito wa mimba yake ya kwanza. Habari zilifika kupitia kwa dereva wa lori la serikali, na tangu siku hiyo mama yule hakuzungumza jambo lingine. Alitaka pasi ya siku tatu. Alitaka kuwa pale siku binti yake atakapojifungua, amchemshie uji, amkande, amwambie lipi ni la kawaida na lipi si la kawaida. Mama mkwe wa binti alikuwa amekwisha kufa. Hakukuwa na mwingine.

Hedmani wa kijiji, ambaye pia alikuwa mkuu wa homugadi, alimkatalia mara mbili. Mke wa mtu aliye kizuizini hatembei, alisema. Basi Bwana Shauri, afisa wa Kizungu wa wilaya, alipokuja kukagua shamba, mama yule aliweka debe chini, akasimama mbele yake na kumwomba yeye mwenyewe. Mimi ndiye niliyemtafsiria kutoka Kiembu. Bwana Shauri alikuwa kijana, pengine amenizidi miaka mitano, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha wapishi. Alitazama matuta yaliyonyooka, akatazama majani mawili mawili yaliyokuwa yametokeza.

"Wewe leta maji mzuri?" akamwuliza.

"Kila siku, bwana."

"Basi. Hii ikizaa, wewe kwenda. Siku tatu. Mimi andika."

Kina mama wenzake walipiga vigelegele. Hedmani alitazama pembeni. Tangu hapo kila mtu kijijini alijua hesabu: maharagwe yakitoa maganda kabla ya mwezi wa binti kutimia, mama atakwenda.

Maharagwe yakachanua mapema. Leo najua maana yake. Mmea ulio taabuni mara nyingi huharakisha maua, unaacha kurefuka, unaacha kujaza majani, unatupa nguvu zake zilizobaki katika mbegu kana kwamba umeambiwa muda umekwisha. Siku ile niliona tu shamba limejaa maua wiki moja kabla ya tarehe niliyoikadiria, nikavimba kichwa. Mimea ilikuwa mifupi, kijani chake kimeiva mno, karibu bluu, na kingo za majani ya chini zilikuwa zimeanza kukauka kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Niliyaona hayo yote. Nilisema ni jua.

Kina mama waliinama kati ya matuta wakitazama maua na kuanza utani wao.

"Mwalimu, maharagwe yako yamekutangulia," alisema mmoja. "Yamechanua na wewe bado."

"Mwacheni," akasema yule wa zamu ya maji. "Huyu ni kiazi cha Kibirichia. Kiazi hukua chini kwa chini. Siku moja tutamchimba tukute ana watoto sita."

Walicheka mpaka mlinzi wa mnara akapiga filimbi. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimezoea kuitwa hivyo, nami nilimpenda mama yule kwa namna ambayo kijana aliye mbali na kwao humpenda mtu mzima anayemtania. Aliniuliza ni siku ngapi kutoka ua hadi ganda. Nikamwambia siku chache tu. Alihesabu kwa vidole, akatingisha kichwa polepole, akaenda kuchota maji.

Siku ya nne maua yalianza kuanguka.

Hayakunyauka yakabaki kwenye shina. Yalikatika shingoni na kulala juu ya udongo, meupe, mengi, yakiwa bado mabichi. Nilipoinama kuyaokota niliona kwamba si yote meupe ardhini yalikuwa maua. Kwenye migongo ya matuta, mahali maji yanapokauka, palikuwa na utando mwembamba kama unga. Nilidhani ni majivu yaliyoelea. Nilisugua kwa kidole, sikuonja.

Aliyenifungua macho ni mwanamke wa Kimbeere aliyekuwa na kibali cha kuleta mbuzi chemchemini mara moja kwa juma. Wenyeji wa huko hawakuwa wamefungiwa pamoja nasi. Alisimama akitazama madebe yakipanda kutoka kwenye maji kwenda shambani, mbuzi wake wakilamba mwamba pembeni kwa bidii.

"Ninyi watu wa juu," aliniambia, "mnayapa maharagwe maji haya?"

"Ndiyo, mama. Kwani yana nini?"

"Hayana kitu. Mbuzi wangu natembea nao nusu siku waje kuyanywa na kulamba hilo jiwe. Wakikosa chumvi hii maziwa yanapungua." Akachukua konzi ya udongo wa tuta, akaitazama, akainusa. "Na hii ni nini? Majivu? Mmetia na majivu?" Hakucheka. Aliuacha udongo udondoke, akajipangusa kiganja kwenye nguo. "Basi mmewafanyia mbuzi karamu."

Alipoondoka nilionja. Ule utando ulikuwa chumvi, na chini ya chumvi ulikuwa na uchungu wa magadi. Nilielewa wakati huo huo, nikiwa nimechuchumaa, kila kitu ambacho baadaye nilikuja kufundishwa kwa maneno marefu zaidi. Udongo wa nyumbani una asidi, na majivu huutibu. Udongo huu haukuwa na asidi ya kutibiwa. Ulikuwa umeshiba magadi tangu mwanzo, maji yakauongezea kila siku, jua likanywa maji na kuacha chumvi, na mimi nikaamuru kila nyumba ilete kiondo cha majivu juu yake. Chumvi inapozidi, mmea hufunga vitundu vya majani usipoteze maji, na kwa kuvifunga hujinyima chakula. Huirundika chumvi katika majani yake ya zamani na kuyaacha yafe ili machanga yaishi kidogo. Chavua hukosa uhai. Na ua ambalo halikushika mimba mmea haulibebi, huliangusha.

Bwana Shauri alikuja keshokutwa yake. Hedmani alikuwa amekwisha kutoa hukumu. Alisema huu ni uharibifu wa makusudi, kwamba mke wa mtu aliye kizuizini ameachiwa madebe na sasa chakula cha kijiji kimetiwa sumu. Mama yule alisimama kando ya tuta, mikono imeshika leso kiunoni. Hakujitetea. Alinitazama mimi.

"Mwalimu," alisema Bwana Shauri. "Nini hii?"

Nilikuwa na jibu zima mdomoni. Lilikuwa na majivu ndani yake, na amri ya majivu ilikuwa katika daftari kwa mwandiko wangu. Barua ya kwenda chuo kikuu ilihitaji sahihi ya mtu kama huyu, ikithibitisha kwamba mimi ni kijana mwaminifu na mwenye manufaa. Sikufikiri hayo kwa mpangilio huu.

"Ni joto, bwana," nikasema. "Joto likizidi, maua huanguka."

Si uongo mtupu. Joto huangusha maua ya maharagwe. Liko kwenye vitabu. Nilidhani nimemwokoa mama na tuhuma ya sumu, na kwa kweli neno hilo halikutajwa tena. Lakini hedmani hakuwa mjinga.

"Joto linashinda shamba lisilopewa maji," alisema. "Nani ana zamu ya maji?"

Bwana Shauri akakubali kwamba hiyo ni hoja. Akaagiza shamba linyeshewe mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Kuhusu pasi akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayefunga kitabu, "Haikuzaa. Mimi nasema ikizaa."

Juma zima lililofuata niliwatazama wakipanda na kushuka na madebe, asubuhi na alasiri, wakiyamwagia maharagwe yaliyokuwa yakifa kwa chumvi, chumvi nyingine mara mbili ya ile ya awali. Niliandika idadi ya madebe. Nilikuwa na kofia yangu kichwani. Maua ya mwisho yakaanguka, kisha majani, kutoka chini kwenda juu, yakiwa na kingo za kahawia zilizopanda kila siku upana wa ukucha. Kando ya chemchemi mtama uliojiotea wenyewe kutokana na kinyesi cha mbuzi ulisimama mnene, haujali.

Siku moja, lango likikaribia kufungwa, mama yule alinijia shambani. Hakuwa amenisemesha neno tangu siku ya Bwana Shauri. Aliinama, akakwangua ule utando kwenye tuta kwa ukucha, akaweka ulimini mbele ya macho yangu.

"Niliionja siku maua yalipoanza kuanguka," alisema. "Nikadhani wewe hujui. Nikasema, kijana wa watu, tusimwaibishe mbele ya mzungu, atagundua mwenyewe. Halafu nikakuona umechuchumaa pale baada ya mwanamke wa mbuzi kuondoka. Nikakuona unalamba kidole."

Nilivua kofia yangu.

"Nikajua unajua. Ndiyo maana sikujitetea. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Mama, niliogopa."

"Najua uliogopa. Sisi sote tunaogopa hapa, hata yule aliye juu ya mnara." Sauti yake haikupanda. "Mwezi wa binti yangu umetimia. Kesho lori linakwenda Embu kuchukua posho, na wewe huhitaji pasi. Nenda ukamwambie yule bwana."

Nilikwenda. Nilikaa juu ya magunia matupu, vumbi likinijaza masikio, nikipanga maneno kwa Kiingereza, ambacho kilikuwa kizuri kuliko ujasiri wangu. Ofisini nilingoja tangu asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana kwenye benchi la nje, kati ya wakulima waliokuja kuomba vibali vya kuuza kahawa. Nilipoingia nilieleza yote: maji, udongo, majivu, daftari langu, na kwamba mwanamke yule hakukosa hata debe moja. Nilitarajia hasira. Bwana Shauri alinisikiliza akipanga karatasi, akauliza ni zao gani litakaloota katika udongo huo, nikasema mtama, na pamba pengine.

"Basi pandeni mtama," akasema.

Alikuwa ameshasahau pasi. Nilimkumbusha. Akaandika bila kuinua macho, siku tatu, akapiga mhuri, akaniuliza kama ile barua yangu ya chuo alikuwa amekwisha kuisaini. Nikasema bado. Akaisaini hapo hapo. Imenichukua miaka mingi kukubali kwamba ukweli ule haungenigharimu kitu, na kwamba hilo halinipunguzii lawama hata kidogo.

Nilirudi siku ya pili, lori lilipopakia. Mama alichukua pasi yake langoni, akautazama mhuri kwa kuwa hakujua kusoma, akaikunja ndani ya leso, akaondoka kwa miguu asubuhi iliyofuata lango lilipofunguliwa tu. Ni safari ya kupanda tu. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona ya miiba.

Alirudi siku ya tatu, saa moja kabla ya lango kufungwa. Nilikuwa nang'oa mabua ya maharagwe pamoja na wenzake, tukiandaa matuta ya mtama. Wanawake walimzunguka wote wakiuliza kwa pamoja, naye akajibu akiwa bado anahema. Mtoto wa kike. Mzima. Alikuwa amezaliwa siku sita kabla ya yeye kufika. Uchungu ulichukua siku mbili, na waliokuwa naye ni wanawake wa kijiji kile asiowajua vizuri, mmoja akiwa msichana tu.

Wakapiga vigelegele vitano, kama vya mtoto wa kiume, ingawa desturi ya mtoto wa kike ni vitatu. Sijui kwa nini walizidisha. Kisha wakarudi kazini mmoja mmoja, kwa sababu ya filimbi.

Yeye alibaki amesimama karibu nami akifungua leso ili airudishe pasi.

"Binti yako hajambo?" nikamwuliza.

"Hajambo. Siku ya kwanza hakunisalimia. Aliambiwa mama yako alipewa ahadi ya kuja, akaikosa kwa uvivu. Habari ilipanda na lori, hivyo hivyo, kwamba hakumwagilia maji." Alinyoosha ile pasi juu ya paja lake kwa kiganja, mara mbili. "Nikamweleza mambo ya chumvi. Akasema, mama, chumvi gani? Wapi uliona shamba la chumvi? Huko juu mtu utamwelezaje?"

"Pole, mama."

"Badala ya pole, ungemwambia yule bwana chumvi, siku ile uliposema joto."

Alinipa pasi nimpelekee hedmani, akafunga leso kiunoni, akaingia katika mstari pamoja na wengine. Tulikuwa na matuta kumi na moja ya kusafisha kabla ya lango kufungwa. Mabua yalikatika tulipoyavuta. Mizizi ilibaki chini, myeusi na mifupi, ikabidi tuirudie kwa jembe.